Kisima Chini ya Bustani

Benchi la saruji kando ya bwawa la bustani lilikuwa limelowa. Walburga, aliyefagia bustani ile ya mjini Songea kwa miaka kumi na tisa, alilifuta kwa kitambaa. Alipogeuka kulitazama tena, lilikuwa limelowa. Bwawa lenyewe lilikuwa kavu tangu aanze kazi.

Wazee walishamsimulia kwamba zamani, kabla mijakaranda haijapandwa, pale palikuwa na kisima ambacho hakuna aliyethubutu kuchota maji yake saa sita mchana. Waliotengeneza bustani walikiziba kwa zege, wakajenga bwawa la mapambo juu yake. Sasa bwawa lilikuwa linakarabatiwa, na fundi aliyepasua zege lile alikuwa mumewe, Osmund.

Wiki hiyo Osmund aliacha kula. Alikunywa maji ndoo nzima, na hata akitoka kuoga alinuka tope. Kila jua lilipofika utosini aliweka nyundo chini, akaenda kukaa kwenye lile benchi. Siku ya nne Walburga alimnyemelea akijifanya anafagia majani, na alipofika nyuma yake akamsikia akinong'ona, kisha akasikia sauti ya mwanamke ikimjibu taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto, na sauti zote mbili zilikuwa zikitoka kwenye koo moja.

Walburga alikuwa Mkatoliki, lakini hakusita. Alimwendea Bi Mwanaisha, mtabibu wa Kiislamu mwenye asili ya Tunduru, akamsihi afike nyumbani kwao Matogoro. Bi Mwanaisha alifukiza udi, akasoma dua tangu asubuhi, na kadiri alivyosoma ndivyo Osmund alivyojikunja mkekani, meno yakigongana, jasho la baridi lenye harufu ya kisima likimtiririka hadi sakafuni.

"Unataka nini kwa mume wa mtu?" mtabibu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mlinifungia," sauti ya kike ilijibu. "Huyu kanifungulia. Nimeingia ndani yake."

Bi Mwanaisha aliendelea kusoma hadi Osmund akatapika maji meusi, akalala. Alipoamka jioni aliomba ugali. Walburga alilia kwa furaha, akamsindikiza mtabibu hadi barabarani akimshukuru.

Aliporudi, alishika jagi amnawishe mumewe. Alimimina. Beseni lilibaki kavu. Maji yalikuwa yakipanda kutoka viganjani hadi kwenye viwiko vya Osmund, yakizama ndani ya ngozi.

Osmund akamsogezea mikono.

"Ongeza," akasema.