Mbao za Bi Hamisa

Mwaka 1974, miezi mitatu baada ya watu kuhamishiwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa huko Ziwani, Mwanahawa aliniita nimfanyie kazi ya useremala. Nilifika jua likielekea kuzama.

"Ni mbao za chumbani, fundi Bwanaheri," alisema. "Usizibandue. Zifunike tu kwa mpya."

Zilikuwa mbao kuukuu, nyeusi kwa moshi. Mumewe, Isihaka, alizing'oa kwenye chumba cha mama yake katika nyumba ya zamani, akazipigilia kwenye ukuta wa udongo wa nyumba hii. Mama huyo, Bi Hamisa, alikataa katakata kuhama. Siku ya kuhama akatoweka. Wengi walimwita mchawi, wakasema kajificha kwa dawa zake.

Nikaanza kazi.

Ko, ko, ko.

Nikatulia, nichukue msumari mwingine.

Ko... ko... ko.

Ilitoka ukutani. Kisha harufu ya ugoro ikanijaa puani.

"Nani anavuta ugoro humu?" nilinong'ona.

"Hakuna." Mwanahawa alitazama chini. "Alikuwa akivuta mama mkwe."

Nikabandua ubao mmoja. Nyuma yake palikuwa na udongo mkavu tu, hata panya asingepenya. Lakini ubao wenyewe ulikuwa na joto, kama shavu la mtu mwenye homa.

Isihaka akaingia kutoka shamba la kijiji, jembe begani. Aliuona ubao mikononi mwangu, akasimama.

Ndipo ukuta ukasema, kwa sauti ya bibi kizee:

"Isihaka... umerudi?"

Jembe likamponyoka.

"Nilimfungia ndani," alisema, bila kumtazama yeyote. "Lori lilikuwa likisubiri, naye hakutaka kutoka. Nikamwambia nitarudi jioni. Nilirudi siku ya nne. Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa nje... ndani hamna mtu."

Mwanahawa alijiziba mdomo.

"Nipe nyundo," Isihaka akaniambia.

Akaurudisha ubao mahali pake, akaanza kupigilia mbao mpya, machozi yakimtiririka. Kila pigo lilijibiwa.

Sikungoja amalize.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuchukua randa yangu niliyoisahau siku ile. Mwanahawa alikuwa amehamia kwa kaka yake. Isihaka nilimkuta kwenye mkeka, sikio kalibandika kwenye zile mbao mpya. Hakuniona.

"Siondoki, mama," alikuwa akinong'ona. "Siondoki tena."

Nilitoka kinyumenyume. Randa nikaiacha.