Harusi Isiyo na Pilau

Jioni, nyumbani kwa akina Siwema pale Mikumi, hapakosi watu. Huyu kaja kuazima kinu, yule kaja kunywa chai, na wote wanajua nani kapika nini mtaa mzima. Jioni moja bibi yake Siwema, ungo wa mchele mapajani, aliwatangazia, "Siku ya wazazi shuleni, mjukuu wangu ndiye atakayekaribisha wageni kwa Kiingereza. Mje wote!"

Siwema alijikunyata. Alikuwa bado hajachaguliwa. Mwalimu Costancia, anayefundisha darasa la sita, alisema atamchagua atakayetumia vizuri maneno "reason for", yaani sababu ya, katika sentensi ya kweli aliyoitunga mwenyewe. Kwa kelele za sebuleni, Siwema hakupata hata moja. Akampigia simu binamu yake Monica, aliyeko sekondari Kilosa, akanakili ya kwake.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa.

"The reason for my absence was my sister's wedding," akasoma. Sababu ya kutokuwepo kwangu ilikuwa harusi ya dada yangu.

Kiingereza kilinyooka. Lakini Goodluck, jirani yake wa mtaani, alishtuka. "Harusi ya dada Angela? Lini? Mbona pilau hatujaliona?"

"Na mchango hatujaombwa!" Lightness akadakia. Darasa zima likacheka.

"Siwema, umeitunga mwenyewe?" Mwalimu aliuliza taratibu.

Angeweza kusema harusi ilifanyika mbali, kule Zombo. Lakini akamkumbuka bibi na watu wake wanaojua kila jambo la mtaa. Machozi yakamlenga. "Hapana, mwalimu. Ni ya binamu yangu."

"Ahsante kwa kusema kweli. Basi leo sichagui mtu. Kesho niletee ya kwako."

Jioni alimkuta bibi amezungukwa na wageni kama kawaida. "Shikamoo, bibi. Sijachaguliwa. Nilinakili ya mtu."

Bibi akaweka ungo chini, akamvuta karibu. "Marahaba, mama. Na mimi mdomo wangu huu ulikutangulia, nikakutia hofu. Haya, hiyo sentensi inataka nini?"

"Sababu ya jambo la kweli."

"Na humu ndani jambo la kweli ni lipi?"

"Kelele!" jirani mmoja akajibu, na sebule nzima ikaangua kicheko. Siwema naye akacheka, akachukua kalamu.

Asubuhi, mbele ya darasa, alisoma: "The reason for the noise in our house is my grandmother's tea." Sababu ya kelele nyumbani kwetu ni chai ya bibi yangu.

"Kweli kabisa!" Goodluck akapaza sauti. "Hata mama yangu yuko huko kila siku!"

Mwalimu Costancia alitabasamu. "Mmeona? Ya kuazima ilinyooka, lakini swali moja tu liliiangusha. Hii ni yake, na shahidi tunaye. Siwema, wageni utawakaribisha wewe."

Siku ya wazazi, safu nzima ya mbele ilikuwa watu wa sebuleni. Bibi alipiga vigelegele kabla mjukuu wake hajafungua mdomo.