Pipa la Ngano

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mfuniko wa pipa la ngano ulikuwa chini na punje zimetapakaa hadi kwenye banda la kuku.

Tamsin, msichana wa miaka kumi na miwili, hakushangaa. Kazi yake ilikuwa kufunika pipa kila jioni na kuweka jiwe juu. Kwa siku tisa hakufunika, na kila alipoulizwa alijibu, "Nimefunika, Bibi." Panya walichimba mashimo chini ya banda lote. Lakini asubuhi hii hakuona hata mmoja. Akafurahi.

"Bibi, panya wamekwisha," alisema jikoni.

Bibi Merle aliweka kikombe mezani. "Tangu lini?"

"Leo."

"Pipa lilikuwa wazi?"

Tamsin alitazama sakafu.

"Sikugombezi. Lilikuwa wazi au halikuwa?"

"Lilikuwa wazi. Siku zote hizi."

"Panya haachi ngano ya bure. Akitoweka ghafla, yupo anayemla. Darcy yuko wapi?"

Darcy, mdogo wake wa miaka mitano, alikuwa ametoka kuokota mayai.

Tamsin alitaka kukimbia. Bibi alimshika bega. "Tembea."

Walimkuta mbele ya sanduku la kutagia, mkono umeinuliwa. "Bibi, nani kaweka mpira wa maji humu?"

Tamsin aliuona mpira huo ukisogea.

"Darcy, tucheze sanamu," Bibi alisema polepole. "Ukitikisika, Tamsin atakula keki yako."

"Keki yangu hailiwi na mtu," Darcy alinong'ona, akatulia.

Nyoka wa kahawia alishuka kutoka sandukuni, akapita karibu na kiatu cha Darcy, akaingia shimo la panya. Bibi alisogea, akamnyanyua mtoto.

Saa mbili na dakika kumi mkamata nyoka aliyeitwa na Bibi alimtoa shimoni akiwa hai na kumtia kwenye mfuko wa kitambaa. Nyoka huyo alikuwa na urefu wa mita moja na nusu.

"Ungesema siku ya kwanza, tungefagia ngano tu," Bibi alimwambia Tamsin. "Ngano ililea panya, panya wakamwita nyoka. Kosa dogo ukilificha, linakua gizani."

Jioni Tamsin alisema, "Nimefunika, Bibi."

Bibi alivaa viatu, akaenda kutazama. Mfuniko ulikuwa mahali pake. Juu yake palikuwa na mawe mawili.