Kinu Kilichopanguswa Haraka

Kila alipotoka shule, Kiguu-na-Njia alipitia maabara ya miamba alikofanya kazi shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na shangazi mwenyewe, maana msichana yule hakutulia hata akikalishwa kitini. Kazi yake ilikuwa kutwanga vipande vya mawe kwenye kinu kidogo mpaka viwe unga laini. Shangazi aliuchoma unga huo kwa umeme ndani ya mashine. Kila madini yaliyomo yalitoa mwanga wake, na mashine ikayatambua hata kama ni chembe tu.

Siku hiyo lilikuja jiwe la kisima kilichokuwa kikichimbwa mtaani kwao, ambako watu walikuwa wamechoka kufuata maji mbali. Kabla ya hapo alikuwa ametwanga jiwe lenye madini ya risasi. Alijua kwamba kwanza alipaswa kutwanga mchanga safi na kuumwaga, ili kinu kitakate. Lakini wenzake walikuwa wanamngoja uwanjani, na miguu ilikuwa inamwasha. Akapangusa kinu kwa kitambaa, akatwanga jiwe la kisima harakaharaka.

Alikuwa anavua koti shangazi alipoguna mbele ya kompyuta.

"Risasi yote hii! Fundi, maji yakipita kwenye mwamba huu yatakuwa sumu. Kifukieni kisima hicho."

Fundi wa kisima, aliyesubiri mlangoni, alishika kichwa. "Jamani! Na watu wameshaandaa ndoo!" Akatoa simu awaambie vijana wake.

Kiguu-na-Njia alikaa, akasimama, akakaa tena. Aliogopa kufukuzwa maabara. Akamwona fundi akiweka simu sikioni.

"Ngoja! Shangazi, sikutwanga mchanga. Nilipangusa tu."

Shangazi aligeukia mlangoni. "Fundi, kata simu. Wewe, lete kipande kilichobaki."

Safari hii shangazi alisimama kando yake tangu mchanga hadi unga. Mashine ilipomaliza, risasi ilikuwa kidogo mno, chini kabisa ya kiwango cha hatari.

"Mwanangu," fundi alipumua, "nusura unizikie kisima kikiwa hai!"

Shangazi hakucheka. "Nimekukasirikia, na mimi pia nimejikasirikia, kwani sikukusimamia. Lakini sikiliza. Mashine hupima inacholetewa tu, haijui kinu kilikuwa kichafu. Aliyejua ni wewe peke yako. Ukikosea kazini, sema mapema, hata kama unatetemeka. Ungenyamaza leo, mtaa mzima ungekosa maji, na hakuna ambaye angejua kwa nini."