Kibao cha Nyumba ya Salale

Gunia la chokaa lilipasukia stendi ya Bungu, katikati ya wauza korosho na abiria wa basi la Lindi, na nusu yake ikamwagikia viatu vyeusi vya mwanamume aliyekuwa akipita zake. Thuwaiba aliitazama chokaa, viatu hakuvitazama. Alikuwa ametoka Salale na boti ya kwanza, na dera lake la zambarau lilikuwa limelowa maji ya chumvi hadi magotini.

"Samahani, kaka," alisema hatimaye.

"Viatu vitafutika." Mwanamume alichuchumaa, akasugua chokaa kwa vidole viwili. "Hii ni ya kujengea. Siku hizi nani anajenga kwa chokaa?"

"Mimi. Nyumba ni ya mawe, aliijenga babu yangu. Ukiipiga saruji, ukuta haupumui, unamomonyoka. Sasa utanisaidia kuzoa au utaendelea kunihoji?"

Alicheka, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akazoa.

Aliitwa Azan. Alikuwa mkaguzi wa jumuiya moja ya Dar es Salaam inayotunza majengo ya kale, na mwaka ule jumuiya ilikuwa itoe vibao vya shaba kwa nyumba za Kibiti na Rufiji zilizohifadhiwa vizuri. Kibao kinapigiliwa ukutani, kikiwa na jina la aliyeijenga nyumba na mwaka wake. Kabla basi halijaondoka, alikuwa ameshaliandika jina la babu yake Thuwaiba kwenye daftari.

Wiki mbili baadaye alifika Salale na futi yake. Alipima kuta, akahesabu boriti za mikoko, akala wali kwa kamba wa nazi barazani. Akaja tena, ingawa hakukuwa na kilichobaki cha kupima. Halafu zikaanza simu. Mtandao ulishika juu darini tu, na Thuwaiba alipanda ngazi kila jioni, miguu ikimuuma.

"Uko wapi, laazizi?"

"Darini, na popo."

"Umekula?"

"Nimechoka hata kula. Tangu asubuhi nabadilisha boriti. Nichekeshe nishuke."

"Bosi ameviona vile viatu. Ameniuliza kama siku hizi naoka mikate."

Thuwaiba alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesahau kinavyoanza. Alikuwa na miaka thelathini na minane, ameachika miaka tisa, na miaka sita katika hiyo alikuwa akipambana na nyumba peke yake. Akiziba huku, kunavuja kule. Kaka yake Mohamedi, mwenye duka Kibiti mjini, alitaka ibomolewe, ajenge ya matofali na bati. Mwishowe walikubaliana: dada akipata kibao, nyumba haiguswi. Akikosa, Mohamedi analeta mafundi baada ya Idi.

Haya Thuwaiba hakumwambia Azan. Hakutaka kupendelewa.

Siku ya kutoa vibao alivaa gauni la kijani na mtandio wenye uzi wa dhahabu, akakaa safu ya tatu katika ukumbi wa Kibiti. Ziliitwa nyumba nne. Ya Salale haikuitwa. Azan alikuwa jukwaani, ameinamia makaratasi, hakuinua macho.

Nje, Thuwaiba alimuuliza karani wa jumuiya, kijana mpole aitwaye Mudrick.

"Ya Salale ilikuwa inaongoza, dada," alisema Mudrick kwa huruma. "Azan mwenyewe ndiye aliyeikata."

Hakulia. Alizima simu, akarudi kwenye boti, na njia nzima akawa anajiuliza mtu anawezaje kumwita mwenzake laazizi jioni na asubuhi akamkata jina kwa mstari.

Siku tatu baada ya Idi boti ilileta watu wanne: Mohamedi, mafundi wawili wenye nyundo, na Azan. Thuwaiba alimwamkia kaka yake. Lakini Azan, Thuwaiba hakumwamkia.

"Simu yako haipatikani," alisema Azan.

"Nimeizima. Uliikata nyumba yangu. Ina kasoro gani?"

"Haina. Kura za kamati zilikuwa tatu, moja yangu, na mimi nakupenda. Ningekupigia kura ningekuwa nimewadhulumu wengine."

"Basi ungejitoa wewe. Kwa nini uitoe nyumba?"

Azan alitazama viatu vyake.

"Kujitoa kulitaka niseme sababu mbele ya kamati," alisema. "Nikaogopa kazi yangu. Nikajidanganya kwamba utapata mwakani. Habari ya hawa mafundi nimeisikia leo, kwa kaka yako, ndani ya boti."

"Na wewe ulijificha kwenye haki," alisema Thuwaiba, bila ukali. Hata ukali ulitaka nguvu.

"Ndiyo. Juzi nimejitoa kwenye kamati, sababu nimeisema. Na kwa kaka yako nimepeleka neno la posa. Ukikataa, narudi na boti hii hii."

Wote wakamgeukia Mohamedi. Alikuwa ameegemea nguzo, kofia mkononi.

"Mimi kibao hakikunihusu," alisema. "Nilijua tu ukikikosa utaacha. Kila nikija hapa nakukuta umekonda zaidi ya mwanzo. Babu alijenga nyumba watu wakae, dada yangu. Wewe hujawahi kukaa."

Thuwaiba aliingia ndani. Alipita ukumbini, akavuka ua, akasimama kwenye vyumba vya nyuma ambavyo kila masika vilimmaliza, akagusa ukuta uliokuwa ukitoka unga. Alipotoka, uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua ndoo.

"Bomoeni vya nyuma," aliwaambia mafundi. "Mbele mniachie, na ukumbi."

Azan alisogea karibu. "Ukibomoa nusu," alisema polepole, "hakuna kamati itakayokupa kibao. Si mwakani, si siku yoyote."

"Najua."

"Na mimi?"

"Kaka keshasikia posa. Jibu langu ni ndiyo. Ila leo usiniulize tena, nimechoka."

Walioana mwezi wa mfungo sita, mahari ikiwa msahafu na kitanda cha mninga.

Mwaka uliofuata wakaguzi wapya walipita Salale wakitafuta nyumba za kale. Walimkuta Azan barazani akimenya muhogo. Mmoja wao alisifu ukuta wa mbele, akauliza kama wanaweza kuzungumza na mwenye nyumba.

Azan aliweka kidole mdomoni. Ndani, mchana kweupe, dirisha wazi na upepo wa mtoni ukiingia, Thuwaiba alikuwa amejinyoosha kitandani.

"Amelala," alisema. "Rudini alasiri."