Lenzi ya Kuvuta

Studio yao ni chumba kimoja chembamba kinachotazama barabara. Mume hupiga picha. Mke hupanga viti na kupokea wateja. Wiki hii mke hakuwatazama sana wateja. Alimtazama mumewe, ambaye simu haikumtoka mkononi.

"Unaangalia nini humo?"

"Lenzi ya kuvuta. Mtu akiwa mbali, unamvuta mpaka unahesabu kope zake."

"Wateja wetu wanakaa hapo, pua kwa pua na wewe. Huyo wa mbali unayetaka kumvuta ni nani?"

Mume alicheka. Mke hakucheka. Alimkokota hadi kwa fundi kamera, jirani yao.

"Usiniambie unachokipenda," fundi alisema. "Nionyeshe picha ulizopiga mwezi huu."

Walizitazama. Katika picha moja, shangazi wa watu hakuwa na bega. Katika nyingine, babu alikatwa sikio.

"Chumba chako ni kifupi," fundi alisema. "Unahitaji lenzi pana, inayochukua wengi kwa karibu."

Sasa mume naye akaingiwa na shaka. "Nawe unayo ya kuuza, siyo?"

"Siuzi. Nakuazima zote mbili, kajaribu chumbani kwako. Ukitumia ile pana, usiwaweke watu ukingoni mwa picha. Nyuso zao zitatanuka."

Kesho yake ilikuja familia ya watu tisa. Kwa lenzi ya kuvuta, mume alirudi nyuma, akarudi tena, mpaka akajikuta barabarani. Bado aliona nyuso tatu tu. Kisha mkokoteni ukapita katikati. Akarudi ndani, akafunga lenzi pana. Wote tisa wakaingia, mabega na masikio yao.

Wateja walipoondoka, mke akauliza, "Ile ya kuvuta ulitaka ya nini? Sema kweli."

Mume aliinamisha kichwa. "Wapiga picha wakubwa kwenye uwanja wa mpira wote wanazo. Nilitaka nami nionekane."

Mke akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha ya familia yao. Watoto walikuwepo. Yeye alikuwa mkono tu.

"Na mimi je? Iliniuma, nikanyamaza."

Mume alinunua lenzi pana. Siku hizi mteja harudi kulalamika kwamba amekatwa. Lakini picha ya kwanza ya lenzi hiyo ilikuwa yao wenyewe. Aliitegesha kamera ipige yenyewe, akakimbia kusimama na wenzake.

Ipo ukutani sasa. Mke yumo mzima, na hata humo anamtazama mumewe kwa jicho la pembeni.