Wapangaji wa Kisimani

Kila alipoanua shuka za nyumba ya wageni, dobi roho ilimsinyaa. Madoa mekundu tena! Maji ya kisima chao yalitoka kwenye pampu yakiwa safi kabisa. Lakini yakikaa kidogo kwenye beseni, yaligeuka rangi ya chai. Aliongeza klorini. Madoa yakazidi kukolea.

Mumewe, aliyekichimba kisima kile mwenyewe na kukipenda kama mtoto, alisema kosa ni la sabuni. Dobi alisema kosa ni la kisima. Wakanuniana. Na mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameshatoa kauli: safari hii zikirudi na madoa, shuka zake atampa dobi mwingine.

Basi akaja wifi yake, dada wa mumewe, anayepima maji maabarani. Akamkuta kaka kanuna huku, mke kanuna kule. Aliposikia kisa, alicheka. Akakinga maji ya pampu kwa chupa, akaitikisa, akaiacha dirishani. Walipomaliza kula, chini ya chupa palikuwa na unga mwekundu.

“Hii ni kutu,” alisema. “Kule chini hakuna hewa. Kuna bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Sisi tunapumua hewa. Wao wanapumua kutu iliyomo udongoni.”

“Kutu? Wifi, acha utani wako.”

“Leo sikutanii. Wakishaitumia, chuma chake kinayeyuka majini, hukioni. Maji yakitoka nje yakapata hewa, chuma kinarudi kuwa kutu. Kwenye shuka zako.”

Dobi alisahau kununa. Akaipokea chupa, akaitazama kwa furaha kama aliyeokota kitu cha thamani.

Wakaenda kwenye tangi la kuhifadhia maji ya kisima. Ndani mlikuwa na utando wa rangi ya chungwa, unateleza. Wifi akaeleza kwamba hao ni bakteria wengine, wanaopata nguvu kwa kugeuza chuma kuwa kutu. Tena karibu kila bakteria huhitaji chuma kidogo ili akue. Wengine hutoa vichembe vya kukinasa na kukivuta kwao, kama mvuvi na ndoana. Na ile klorini ilikuwa ikiikaza kutu kwenye nguo.

Mume alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe ana wapangaji kisimani wala hana habari!

Kazi ikaanza palepale. Mume alisugua tangi, akalitia klorini ya kuua bakteria, akalisuuza. Akatoboa ndoo matundu, maji yamwagike kama manyunyu ndani ya pipa na kupata hewa. Yakalala, kutu ikatuama, kisha yakachujwa kwa mchanga safi. Madoa ya zamani dobi aliyatoa kwa limau na chumvi.

“Limau na klorini usivichanganye kamwe,” wifi alionya. “Hutoa hewa ya sumu.”

Mwenye nyumba ya wageni alizigeuza shuka huku na huku akitafuta doa. Hakuliona.

“Umebadilisha kisima?”

“Kisima ni kilekile cha mume wangu,” dobi alijibu, na mumewe nyuma yake akatanua kifua. “Wapangaji wake tu ndio tulikuwa hatuwajui.”

Bwana yule hakuelewa kitu. Akaenda kuleta na mapazia.